Kuokoa na Kuopoa: Istilahi za Maafa Zikipimwa Machimboni Rwamgasa

Rwamgasa ni kata iliyomo katika Wilaya ya Geita, kwenye ukanda wa dhahabu unaotoka Geita kuelekea Kahama na Shinyanga. Mahali hapo pana majina matatu. Katika orodha za kata twaona limeandikwa Rwamgasa. Katika taarifa za mradi wa Umoja wa Mataifa uliochunguza matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo, mradi ulioanza mwaka 2002, limeandikwa Rwamagasa. Nalo Shirika la Madini la Taifa, lilipoweka hapo kituo cha mfano cha kuchenjulia dhahabu, limekuwa likiandika Lwamgasa. Mwenyeji hasumbuliwi na tofauti hizi, kwani masikio yake yamezoea l na r kupokezana nafasi. Lakini mtu aliye mbali, anayepokea simu usiku kwamba duara limetitia na watu wamo ndani, naye anatafuta jina hilo katika orodha iliyo mbele yake, atalitafuta chini ya herufi gani?

Tumeanza na jambo hili dogo kwa makusudi. Wengi wetu tunaoshughulika na istilahi tumezoea kudhani kwamba kazi yetu huanza pale kazi ya wengine inapokwisha: mtaalamu huandika, nasi hutafsiri. Katika shughuli za maafa si hivyo. Hapo neno limo ndani ya kazi yenyewe. Neno likikosewa, gari huenda mahali pasipo, au haliendi kabisa.

Sheria za nchi yetu kuhusu mambo haya zimebadilika mara kadhaa. Ilikuwapo ya mwaka 1990, ikaja ya mwaka 2015, na sasa iko Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022. Kila sheria inapobadilika, miongozo na mipango iliyo chini yake huhuishwa. (Kuhuisha, tukumbushane, ni kutia uhai, si neno baya kwa kazi ya namna hii.) Tena tangu mwaka 2021 sheria zetu hutungwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo udhuru wa zamani, kwamba Kiswahili cha mwongozo ni tafsiri tu na maana halisi itafutwe katika Kiingereza, hauna nafasi tena. Kilichoandikwa kwa Kiswahili ndicho kitakachofuatwa, pamoja na makosa yake.

Wala si sisi peke yetu tuliogundua kwamba uratibu wa dharura ni jambo la lugha. Mwaka 1970 mioto mikubwa ya misitu iliteketeza sehemu za jimbo la California huko Marekani, na vikosi vya idara mbalimbali vikakutana mahali pamoja. Walipoketi baadaye kuchunguza kasoro, moja waliyoiona ni kwamba kila idara ilikuwa na majina yake kwa vyeo, vifaa na shughuli zilezile, hata watu waliofanya kazi bega kwa bega hawakuelewana. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa kuwa na kiongozi mmoja wa eneo la tukio na msamiati mmoja kwa wote. New Zealand walijitungia utaratibu wao wa namna hiyo mwaka 1998, na mwaka 2019 wakatoa toleo la tatu. Nchi zinazoiga utaratibu huu huiga chati na vyeo haraka sana. Kile kilichokuwa sababu ya chati, yaani maneno, aghalabu huachwa nyuma.

Na tuanze na jina la kazi yenyewe. Sheria husema usimamizi wa maafa. Idara iliyo katika Ofisi ya Waziri Mkuu zamani iliitwa ya Uratibu wa Maafa, na sasa huitwa ya Menejimenti ya Maafa. Wenzetu wa Zanzibar wanayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Maneno manne kwa kazi moja! Mtu atasema ni visawe tu, na lugha tajiri haina haya kuwa na visawe. Sisi twaona kwamba hayo si visawe. Kusimamia ni kusimama juu ya kazi ya mwingine na kumtaka hesabu. Kuratibu ni kuwapanga watu ambao kila mmoja ana mkubwa wake, ili wasikanyagane. Kukabili ni kukitazama uso kwa uso kitu kinachokujia. Ama menejimenti, hilo ni usimamizi uliovaa suti, nasi hatukuona faida yake hata moja katika uwanja huu.

Tofauti hii ina kazi. Katika ajali ya mgodi hufika zimamoto, polisi, mganga, ofisa madini, mtendaji wa kata, wakubwa wa wilaya, na mara nyingine mafundi wa kampuni jirani wenye mitambo. Hao wahitaji kuratibiwa, kwa maana hakuna hata mmoja kati yao aliyeajiriwa na mwenziwe. Lakini pale kwenye mdomo wa duara panahitajika pia mtu mmoja ambaye akisema zimeni mashine, mashine huzimwa. Kazi ya kwanza ni ya kamati, na sheria imeziweka kamati hizo tangu taifa hadi kijiji. Kazi ya pili haiwezi kuwa ya kamati. Tukiziita zote mbili usimamizi, tutampata mwenyekiti anayetoa amri za uwanjani akiwa ofisini, au fundi wa uwanjani anayengoja kikao. Tena huko machimboni neno msimamizi lina mwenyewe: ni yule anayemwangalizia mwenye duara kazi na mali yake. Mwongozo ukisema kwamba wakati wa dharura wote wamsikilize msimamizi, mchimbaji ataelewa kwamba amsikilize mtu ambaye huenda ndiye aliyewaagiza waingie chini asubuhi ile mvua ikinyesha. Twapendekeza uratibu ubaki kwa kazi ya kamati, na yule mmoja wa uwanjani aitwe kiongozi wa eneo la tukio. Kamanda lingekuwa neno zuri na fupi, ila katika nchi hii kamanda wa mkoa ni wa polisi, na hakuna mwongozo utakaomwondoa huko.

Sasa tuingie katika maneno yanayoonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Maneno yaliyopo ni tukio, ajali, dharura, janga na maafa. Wataalamu wa shughuli hizi, karibu katika dunia nzima, hawayapimi mambo haya kwa idadi ya waliokufa. Huyapima kwa uwezo wa walioathirika: jambo linalowashinda wenyeji kwa nguvu na vifaa vyao wenyewe ndilo wanaloliita kwa jina kubwa kuliko yote, hata kama hajafa mtu. Sisi jina hilo tumelitafsiri maafa. Lakini Mswahili akisikia maafa huona mizoga, mafuriko, meli iliyozama. Jina hili kwetu huja baada ya msiba, halitangulii.

Matokeo yake yako wazi. Mtendaji wa kijiji anao watu watatu walio chini ya ardhi, mita kadhaa za kifusi juu yao, naye ana sururu, kamba na ndoo. Kwa kipimo cha mtaalamu, hayo ni maafa tangu dakika ya kwanza, maana yameshinda uwezo wa kijiji. Kwa kipimo cha lugha ya mama yake na ya jirani zake, watu watatu ambao huenda wako hai hawawi maafa. Ataandika tukio. Na anayepokea taarifa ya tukio huko juu ataipanga pamoja na matukio mengine ya juma hilo. Hatumlaumu mtendaji. Ametumia Kiswahili sahihi; mwongozo ndio uliotumia neno la kawaida kwa maana isiyo ya kawaida bila kumwarifu.

Wako wanaoshauri tulibadili neno. Hatudhani inawezekana, kwa maana limekwisha kuingia katika jina la sheria. Linalowezekana ni kumwondolea mtendaji mzigo wa kuchagua jina. Badala ya kumwuliza kama jambo hili ni tukio, dharura au maafa, fomu imwulize: je, mnaweza kuwatoa kwa vifaa mlivyo navyo? Jibu la hapana ndilo liwe ngazi. Mwanaistilahi mzuri hujua pia wakati wa kuliondoa neno na kuweka swali mahali pake.

Neno ajali lina tabu ya namna nyingine. Limetoka katika Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hasa muda wa uhai wa mtu. Kiswahili kimelichukua pamoja na harufu hiyo ya kudra, hata tukasema ajali haina kinga. Mkaguzi anaposimama mbele ya wachimbaji na kuwaambia wajikinge na ajali, anapambana na methali nzima kwa sentensi moja. Hatusemi neno lifutwe. Twasema tu kwamba mahali ambapo chanzo kinajulikana, kama duara lililochimbwa bila nguzo za kulishikilia, mwongozo ukitaje chanzo hicho kwa jina lake na usijifiche nyuma ya ajali.

Tumefika mahali ambapo hasa tulitaka kufika.

Oktoba 5, 2015, machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama yaliporomoka, na wachimbaji wakabaki chini. Novemba 15, siku 41 baadaye, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyochuruzika mwambani. Mwenzao mmoja alifia humo. Januari 2017, huko Nyarugusu, katika wilaya hiyohiyo ya Geita iliyo na Rwamgasa, watu 15, mmoja wao raia wa China, walikaa siku tatu chini ya ardhi baada ya njia yao kuziba, na wote wakatoka salama. Agosti 2025 watu 25 walipatwa na mkasa katika machimbo ya Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga. Katika mikasa yote hii magazeti, redio na taarifa rasmi zilitumia kitenzi kimoja: wamefukiwa.

Na tukitazame kitenzi hiki. Kufukia ni kujaza udongo juu ya kitu mpaka kisionekane. Shimo hufukiwa, mbegu hufukiwa, na kaburi hufukiwa. Anayesema mtu amefukiwa amekwisha kumpiga msikilizaji picha ya mwili ulioshikwa na udongo pande zote, usio na hewa. Lakini wale watano wa Nyangarata hawakufukiwa. Kilichofukiwa ni njia yao. Wenyewe walikuwa katika uwazi, wakisema, wakihesabu siku. Wale 15 wa Nyarugusu vilevile. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kusema hivyo: wamekwama chini, wamezibiwa njia, wamefungiwa. Tunayo, ila hatuyatumii, kwa sababu kufukiwa kumekuwa neno la mkato la kila kitu kinachotokea shimoni.

Tofauti kati ya aliyefukiwa na aliyekwama ndiyo tofauti ya kazi yote itakayofuata. Aliyefukiwa hutafutwa kwa kuondoa kifusi haraka, na muda wake ni mfupi mno. Aliyekwama hupelekewa kwanza hewa, maji na sauti, na mashine nzito juu ya kichwa chake yaweza kumwua badala ya kumsaidia. Muda wake si saa. Nyangarata ilionyesha kwamba waweza kuwa zaidi ya siku 40. Kwa hiyo anayepokea taarifa ya kwanza, akisikia neno moja tu, hana njia ya kujua apeleke katapila au apeleke bomba. Twapendekeza bila kusitasita kwamba mwongozo wowote utakaohuishwa uyaweke maneno haya mawili mbalimbali, kila moja na maelezo yake, na kwamba mtoa taarifa akiwa hajui lipi ni kweli, aandike waliokwama. Kukosea kwa upande huo kunagharimu mafuta ya mitambo. Kukosea kwa upande wa pili kunagharimu watu.

Kwenye jambo hilo limefungamana jingine, nalo ni kuokoa na kuopoa. Lugha yetu imetupa vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti hata mwanafunzi huvichanganya, navyo vimetengana kwa maana. Kuokoa ni kumtoa mtu katika hatari akiwa hai. Kuopoa ni kukitoa kitu kilichozama au kilichotumbukia, kama ndoo kisimani. Na katika habari za vifo tunasema miili imeopolewa. Kitenzi cha kwanza hakitumiki kwa maiti, na cha pili hutumika kwa mtu aliye hai kwa nadra tu. Lugha chache zina bahati ya kuwa na mpaka safi namna hii, nasi tunaupoteza.

Tulipata kuombwa kuipitia fomu ya taarifa ya ajali za machimbo, iliyotayarishwa na ofisi ambayo hatutaitaja. Fomu ilikuwa na safu moja: waliookolewa. Katika nakala moja iliyokwisha kujazwa, mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika wanne, kisha pembeni, katika nafasi finyu ya maelezo, akaongeza: wawili wakiwa marehemu. Tulikaa na karatasi ile kitambo. Mwandishi wake hakuwa mjinga. Alijazia kile alichoulizwa. Aliulizwa wangapi wametolewa, kwa kitenzi kinachosema wangapi wamepona. Jumla iliyopanda kwenda juu, bila shaka, ilikuwa nne.

Lakini makosa ya hesabu ni upande mdogo wa jambo hili. Upande mkubwa ni huu: katika kila mkasa iko saa ambayo kazi hugeuka kutoka kuokoa ikawa kuopoa. Saa hiyo hubadili mwendo, vifaa, idadi ya watu na moyo wa kazi. Ni nani anayeitangaza? Miongozo tuliyopata kuisoma husema mengi kuhusu uokoaji, na jeshi letu lenyewe huitwa la Zimamoto na Uokoaji, jina jema kabisa. Lakini kuhusu kugeuka huko ilinyamaza, na kazi hubadilika kimyakimya pale watu wanapoanza kusema miili badala ya watu. Lugha ya waliopo ndiyo inayotoa uamuzi, bila mtu kuutia saini.

Wala si machimboni tu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye, wakati habari zote zilikwisha kuwa za kuopoa, fundi wa chombo alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilicholala kifudifudi, alikokuwa amejifungia penye hewa. Na wale wa Nyangarata sauti zao zilisikika na wachimbaji wenzao wakati nchi ilikwisha kuzoea kwamba jambo lao limekwisha.

Kwa hiyo twasema: mwongozo na utaje kwa cheo mtu anayeruhusiwa kubadili kitenzi. Awe kiongozi wa eneo la tukio, baada ya kusikia kauli ya mganga na ya mchimbaji anayelijua duara lile, na aandike saa. Kabla ya saa hiyo, hakuna taarifa rasmi itakayotumia kuopoa wala miili kwa watu ambao hawajaonekana. Tunajua kwamba baadhi ya maofisa wataona hili ni jambo la wanalugha kujitafutia umuhimu. Twawaomba wajiulize kama wako tayari kumweleza mama wa mchimbaji kwamba mwanawe aliachwa siku ya nane na hakuna aliyeamua.

Maneno mengine tutayapitia kwa haraka. Hatari na kihatarishi yamechafuliwa na wakaguzi wa hesabu, ambao hulitumia kihatarishi kwa uwezekano wa jambo baya kutokea. Kitenzi kuhatarisha chatuambia kwamba kihatarishi ni kile chenye kuhatarisha, yaani ufa katika ngema, gesi, mvua, zebaki katika karai. Uwezekano wa kudhurika ni kitu kingine na uitwe hivyo hivyo. Mwathirika na mwathiriwa wamekuwa wakigombana miaka mingi. Tanzania imezoea la kwanza, Kenya la pili, na hatuoni kwamba mchimbaji atapona upesi kwa kulibadili. Manusura tunalipenda, kwa sababu shina lake ni kunusuru, na nusura ileile ndiyo tunayoitumia tukisema nusura afe. Mtu aliyekuwa karibu na kufa akanusurika: neno moja limebeba yote mawili.

Limebaki neno ambalo hatunalo, nalo ni jina la mtu anayefika kwanza. Miongozo ya kigeni inalo, na maana yake huko ni mtumishi aliyefunzwa, mwenye sare. Huku kwetu anayefika kwanza si huyo. Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafa, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Nyangarata walikuwa wachimbaji. Rwamgasa watakuwa wachimbaji pia, maana kijiji chote kinaishi kando ya maduara. Tukimwita mtu huyo mwananchi aliyejitolea, au msamaria mwema, tumemtoa nje ya mpango; amekuwa mpita njia mwenye huruma. Mpango haumpi kamba, haumfundishi, wala hauulizi aliona nini kabla wengine hawajafika.

Wasukuma wanao mwano, ukelele wa hatari ambao kila anayeusikia ni lazima auitikie. Juu ya desturi hiyo ndipo sungusungu walipojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama na Shinyanga, wakiwa na mtemi wao, katibu wao na kamanda wao wa vijana. Mengi yamesemwa kuhusu sungusungu, na si yote mema. Lakini kwa mwenye kutafuta istilahi, hapa pana utaratibu uliokwisha kuwa na majina: kuna wito, kuna wajibu wa kuitika, na kuna anayewapanga walioitika. Kiswahili cha pwani nacho kina yowe na kuitikia yowe. Twapendekeza mtu huyo aitwe mwitikaji, na wengi wake waitikaji. Neno ni jepesi, lina mzizi, tena halimwulizi mtu sare yake. Mwitikaji aingizwe katika orodha ya mpango kama anavyoingizwa mganga.

Si jambo geni kwa Baraza kulichukua neno lililokwisha kuwapo likapewa kazi mpya. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, barakoa, lililokuwa jina la kitambaa cha uso cha wanawake wa pwani na Ghuba, lilienea nchini kwa majuma machache kwa maana ya kifuniko cha mdomo na pua, na leo hakuna anayeuliza maana yake. UVIKO-19 lilitungwa kwa uangalifu zaidi. Hata hivyo watu wangali wanasema korona. Tofauti ya bahati ya maneno haya mawili yafaa ikumbukwe na kila anayekaa mezani kutunga.

Na machimboni maneno yamejaa. Duara, kwa mfano, kamusi hulieleza kama umbo la mviringo, na mwongozo uliotafsiriwa huliepuka na kuandika shimo la wima. Hakuna mchimbaji aliyekufa katika shimo la wima. Hufa katika duara, na duara lina mwenyewe, na lina jina au namba inayojulikana na watu wote wa hapo. Kutitia, yaani ardhi kushuka chini polepole au ghafla, kwatofautiana na kuporomoka, ambako ni udongo kuanguka kutoka juu au ubavuni. Kumtofautishia fundi mambo haya mawili ni kumwambia kama uso wa ardhi anaotaka kupitishia mtambo unabeba. Ngema, ukuta wa udongo au mwamba uliosimama, ndiyo inayoanguka kwenye machimbo ya wazi. Mwalo ni mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, ingawa kwa wavuvi wa ziwa lilelile ni mahali pa kushushia samaki. Katika taarifa yafaa iandikwe mwalo wa dhahabu. Maneno haya yote tungependa yaingizwe kama yalivyo, bila kutafsiriwa kurudi katika Kiswahili cha ofisini.

Kuhusu jina la mahali, tunaliunga mkono Rwamgasa, kwa kuwa ndilo lililo katika orodha za kata, na Rwamagasa na Lwamgasa yaandikwe kando yake katika kila orodha ya kituo cha dharura, ili anayelitafuta kwa herufi yoyote alipate. Hali ni hiyohiyo kwa majina mengine mengi ya ukanda huu.

Tumebaki na shaka kuhusu neno moja. Magogo yanayosimamishwa ndani ya duara kushikilia kuta na paa wachimbaji wengi huyaita matimba, neno ambalo bila shaka limetoka kwa Waingereza. Wako wanaotaka nguzo, ambalo ni la Kibantu na linaeleweka, lakini nguzo husimama wima, na matimba mengine hulazwa. Wako wanaosema mihimili. Hatujaamua. Tutafurahi kupata barua za wasomaji walioko Geita, Kahama, Chunya na kwingineko, watueleze machimbo yao husemaje, na kama kila kijiti katika fremu hiyo kina jina lake.